Utani wa Kwenye Zege

Sikuzani alikuwa hajafika hata kwenye mstari wa nje, mpira kwapani na filimbi shingoni, Mzee Mrisho akamtupia salamu yake.

"Wewe, hujafa tu?"

"Nikifa nani atakuzika? Wanao wenyewe wanakukimbia."

Watu waliokaa kwenye ukingo wa uwanja wakacheka. Mrisho naye akacheka, mabega yakamtikisika, akajisogeza vizuri kwenye kigoda chake chini ya nguzo ya kikapu. Mgeni angedhani wanagombana. Hawakuwa wakigombana, au tuseme mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba hawagombani. Ukoo wa Mrisho na ukoo wa Sikuzani ni watani tangu mababu zao walipokuwa pande za Masasi, kabla hawajapanda huku juu Newala. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na wewe unacheka. Anaingia kwako, anaondoka na jogoo, na wewe ndiye unayemfuata kumkomboa jogoo wako kwa maneno matamu. Siku ya msiba wako yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi huku akiigiza ulivyokuwa ukitembea. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe, na wazee watakutoza.

Kwa hiyo Sikuzani alicheka kila siku, na kila siku akarudi nyumbani kwake na hasira. Alikuwa ameshaamini jambo ambalo hakuna mwingine aliyetaka kulisikia. Yule mzee hakuwa akimtania. Alikuwa akimchukia, na utani ulikuwa shuka la kujifunikia.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya gulio, sakafu pana ya zege iliyochorwa mistari ya rangi tatu: myeupe ya mpira wa pete, ya njano ya kikapu na ya buluu ya wavu. Asubuhi ni wa watoto wa shule. Saa kumi alasiri ni wa akina mama wa pete. Jua likianza kushuka wanaingia vijana wa kikapu, wenye kelele zao na spika yao. Lakini wengi waliokuja pale hawakuwahi kugusa mpira. Walikuja kunywa kahawa, kula mihogo ya kukaanga, kuulizia bei ya korosho, kuchungulia nani kaja na nani na nani kaacha kuja. Harusi zilichezwa pale na mikutano ya mtaa iliitishwa pale. Kabla ya lile zege mtaa ule haukuwa na mahali pa kukutana isipokuwa kwenye bomba la maji, na kwenye bomba la maji watu hawakutani kwa amani.

Kilichokuwa kikimuuma Mrisho kilijulikana pia. Ardhi ile ilikuwa yake. Alikuwa na mikorosho mizee pale, akakubali ing'olewe mradi wa uwanja ulipokuja, akapigiwa makofi mkutanoni. Akilini mwake alijua watu watalitumiaje zege. Huku juu ardhi ni mchanga mtupu, ukianika korosho uani unaanua korosho na mchanga, na mpimaji wa chama cha msingi, kule zinakouzwa, anakutazama kama umemletea kokoto. Sakafu pana hivyo, inayoshika jua kutwa nzima, Mrisho hakuona ingekuwa ya nini kama si ya korosho. Badala yake wakaja wanawake wenye sketi fupi juu ya suruali, wakaruka.

Msimu wa kwanza alianika kona moja, akasema ni utani. Msimu wa pili alianika nusu uwanja, na Sikuzani alipomlalamikia akamjibu mbele ya watu, "Ruka juu yake, mtani wangu. Kwani wewe si kuku?" Watu wakavunjika mbavu. Mwaka huu alianza na kona tena, na Jumatano ya wiki ile ya mechi akamwaga korosho mbichi kutoka nguzo hadi nguzo.

Mechi ndiyo iliyomfanya Sikuzani, kapteni wa akina mama wa pete, akose usingizi. Kwa mara ya kwanza timu ya akina mama kutoka Masasi ilikubali kupanda hadi Newala kucheza nao, Jumamosi saa tisa. Na Felix, mtendaji wa kata, kijana mpole anayechoka na kesi za watu, alikuwa ametoa kauli yake hadharani: kama mechi itachezwa, uwanja utabaki wa michezo kila alasiri, korosho au hakuna korosho. Isipochezwa, basi ni dalili kwamba hakuna anayeuhitaji, na msimu wote wa korosho utakuwa wa wakulima, mwaka huu na miaka ijayo. Mrisho aliitikia kwa kichwa kauli ile kama mtu aliyeisubiri.

"Mzee ataanua kabla ya Jumamosi?" Yuliana, mchezaji wa ulinzi, aliuliza.

"Ataanua siku ya kiama," Sikuzani akasema.

Akawageukia wanawake wake wote, kumi na wawili waliosimama pembeni ya uwanja wao wenyewe kama wageni wasiokaribishwa. Alikuwa amekwisha kusema maneno yale tangu msimu uanze, akayarudia tena, kwa sauti ya kumfikia Mrisho kwenye kigoda.

"Na nasema tena. Yeyote anayeanika hapa, awe mume wa mtu, awe shangazi wa mtu, si mwenzetu. Asituite wenzake na sisi hatumwiti."

Wakaitikia. Naima, mfungaji wao, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, ambaye mpira ukimfikia mkononi unakwenda kwenye pete bila ubishi. Bila Naima timu ile ilikuwa kikundi cha mazoezi ya kupunguza unene, na kila mmoja alilijua hilo. Baba yake alihamia kutoka Nanganga, akafa, mama akafuata, naye alibaki na mikorosho michache na nyumba isiyo na ua. Hakuwa na ukoo mtaani pale, wala mtani.

Alhamisi jua liliwaka vizuri, korosho za Mrisho zikalala pale pale. Kufika saa kumi, Sikuzani alikuja na watu wanne, makoleo, mafagio ya chelewa na uamuzi. Magunia hawakuleta, maana Mrisho alikuwa amekwisha kuyarundika ya kwake chini ya nguzo.

"Tunafanya nini?" Yuliana alinong'ona.

"Tunatania. Yeye mtani wangu, nami nachukua mali yake. Kosa liko wapi?"

Hapo Yuliana akaelewa, akacheka hadi akashika tumbo. Kwa mila ile ile iliyomlinda Mrisho miaka mitatu, Sikuzani angeweza kubeba kila punje kwenda kwake, na mzee angelazimika kumfuata na jogoo mkononi na tabasamu usoni kukomboa. Akikasirika, amekwisha. Sikuzani alijilaumu kwa nini hakuwaza hivyo mapema, akashika koleo.

Walifanya kazi ile kwa hasira iliyochangamka. Walifagia kutoka kwenye nguzo zote mbili kuja katikati, zikawa rundo moja, wakalijaza kwenye magunia. Watu walisogea, wengine wakapiga vigelegele. Upande wa goli la pili Sikuzani aliona kuna korosho zilizopangwa vizuri zaidi, zimetandazwa juu ya mkeka chakavu na kuzungushiwa mawe madogo, na rangi yake imekwisha kukolea. Akadhani ni mbwembwe za mzee. Akaukunja mkeka, akazimwaga rundoni pamoja na nyingine.

Mrisho mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akitazama tangu fagio la kwanza hadi gunia la mwisho. Sikuzani alipompungia mkono, naye akampungia.

Naima hakuja mazoezini siku ile. Walisema labda yuko shambani, anaokota.

Ijumaa asubuhi Mrisho alifika nyumbani kwa Sikuzani na jogoo mwekundu amemshika miguu, na nyuma yake nusu ya watu wa mtaa, maana kitu kama kile hakuna anayetaka kusimuliwa. Magunia manne yalikuwa yamesimama barazani. Sikuzani alikuwa amekaa juu ya moja, amejifunga kitenge kipya.

"Hujafa tu?" akamwanza yeye.

"Nimekuja kukukomboa kabla hujanimaliza," Mrisho akasema, akapiga goti moja, na watu wakaangua kicheko. "Mtani wangu, umeniweza. Tangu nizaliwe sijaibiwa mchana kweupe na watu wenye filimbi. Pokea jogoo, nipe mali yangu."

Sikuzani alimpokea jogoo. Moyo wake ulikuwa mweupe kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Alimwona mzee amepiga goti, aliwaona watu wakimtazama yeye na si mzee, akaona kesho pia: nguzo zimetulia, mistari inaonekana, wanawake wa Masasi wanashuka garini.

"Chukua magunia yako yote manne, babu. Na usirudie."

"Manne?" Mrisho akainuka, akapangusa goti. "Yangu mimi ni matatu. Hilo la nne si langu."

"La nani?"

"Si la mtani wako, hilo nalijua. Muulize mfungaji wako."

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikuzani alishuka juu ya gunia. Akafungua la kwanza, akatia mkono: korosho mbichi bado, ngozi laini, na kati yake nyingine ngumu, kavu, zilizokolea. Akafungua la pili, na la tatu, na la nne. Zote zilikuwa zimechanganyika.

"Alikuja kwangu mwanzoni mwa wiki," Mrisho akaeleza, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hana ua. Anaogopa kuanika uwanjani kwa sababu ya maneno yako. Nikamwambia weka ndani ya zangu, atakayeuliza ataambiwa ni za Mrisho. Zake zilikuwa zimekauka. Jana jioni alikuwa azianue, leo azipeleke chama cha msingi. Daraja la kwanza zile. Sasa zimelala na maji ya zangu usiku kucha, kwenye gunia lililofungwa. Mpimaji akichovya mkono humo atazirudisha zote."

"Ulikuwa umesimama pale," Sikuzani akasema. "Ulinitazama nikikunja ule mkeka."

"Nilikutazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikuharibie utani wako?"

Alisema hivyo bila kicheko, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu uso wake ulionyesha kile Sikuzani alichokuwa akikiona peke yake miaka yote ile. Lakini watu hawakuwa wakiutazama uso wa Mrisho. Walikuwa wakimtazama yeye. Mzee aliyaacha magunia yote barazani, akisema hawezi kubeba mali ya yatima, akaondoka bila jogoo wake.

Sikuzani alikwenda kwa Naima mara moja, akiwa bado na kile kitenge. Njiani alipanga maneno. Alikusudia kuomba radhi, na alikuwa na radhi ya kweli kifuani, nzito. Alimkuta Naima amekaa mlangoni, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Mama Shamila," Naima akamsalimia.

"Marahaba." Kisha maneno aliyoyapanga yakakataa kutoka, yakatoka mengine. "Naima, kwa nini ulijificha? Mimi ni adui yako? Ungeniambia tu."

Naima aliendelea kumenya.

"Ulisema anayeanika pale si mwenzenu."

"Nilikuwa nawasema watu kama Mrisho."

"Ulisema yeyote."

"Basi hata hivyo. Unamwendea yule mzee, unamwacha kapteni wako? Umempa fimbo ya kunichapia."

Alipokuwa akilisema alilisikia lilivyo, akatamani alirudishe. Naima aliinua macho. Hayakuwa na machozi. Yalikuwa yanapima, kama anavyopima pete kabla ya kurusha.

"Bati nilishaliagiza," akasema. "Nilimwambia fundi ninauza Ijumaa, mvua isinikute. Leo Ijumaa."

"Nitakulipa. Nitazinunua mimi hizo, zilivyo."

"Siziuzi kwako."

"Na kesho? Utakuja kesho, Naima? Usipokuja hatuna timu, na bila timu uwanja wamechukua."

"Nitakuja," Naima akasema, akauweka muhogo majini. "Magunia nitayachukua asubuhi."

Sikuzani alilishika neno lile moja, nitakuja, akarudi nalo nyumbani, na usiku alilala kidogo. Alijiambia msichana ana hasira lakini ana akili. Wakishinda, watamchangia bati. Wataomba radhi pamoja, timu nzima, mbele ya watu. Alijiambia mengi.

Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Sikuzani alifika uwanjani saa nane na kitu, jezi zimekunjwa kwenye beseni kichwani, na ukingo wote wa zege ulikuwa umekwisha kujaa. Watu walitoka hadi Chilangala. Mwenye kahawa alikuwa na birika mbili. Felix alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na shati lililopigwa pasi. Mrisho alikuwa kwenye kigoda chake.

"Hujafa tu?" mzee akamwita, kwa furaha.

Sikuzani alitua beseni. Akamsogelea, akakunja goti kidogo, kama mtoto aliyefundishwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Waliokuwa karibu wakageuka. Hakuna mtani anayempa mtani wake shikamoo. Ni sawa na kumwambia kwamba kaburi langu litachimbwa na wengine, na jogoo wako sili. Mrisho alibaki na mdomo wazi kidogo, akitafuta neno la kulipindua jambo liwe kicheko, akalikosa. Watu walikuwa wakisubiri.

"Marahaba," akasema mwisho, kwa sauti ya mzee yeyote.

Gari la Masasi lilifika likiwa limejaa nyimbo. Wanawake wakashuka na sare za kijani, wakaanza kunyoosha viungo. Yuliana aligawa jezi. Jezi ya mfungaji ilibaki kwenye beseni.

Kisha Naima akaja, kama alivyoahidi. Alikuja akisukuma baiskeli yenye gunia juu, na kijana mmoja nyuma yake na toroli lenye mengine matatu. Alikuwa amevaa gauni la shamba. Alipita katikati ya wanawake wa kijani, akafika ndani ya nusu duara la kufungia, chini kabisa ya pete, akatandika ule mkeka chakavu. Akamwaga gunia la kwanza. Akakaa, akanyoosha miguu, akaweka ungo kulia na ungo kushoto. Akachukua korosho moja, akaibonyeza kwa ukucha, akaiweka kulia. Akachukua nyingine, akaibonyeza, akaiweka kushoto.

Kila mmoja alielewa anachofanya. Anachambua kavu na mbichi, moja moja, magunia manne, mahali pekee pa mtaa ule panapofaa kwa kazi ile.

Felix aliinuka kitini, akamtazama Sikuzani. Mrisho alimtazama Sikuzani. Kapteni wa Masasi aliuliza kwa upole kama yule dada angeweza kusogea kidogo. Angeweza kusogezwa. Wanawake watano wangeubeba ule mkeka kwa pembe zake, kama walivyoukunja Alhamisi, na mechi ingeanza. Yuliana alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili.

"Rudi," Sikuzani akamwambia.

Akaenda mwenyewe. Alivua filimbi, akaiweka chini, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka. Kwa karibu aliona kidole gumba cha Naima kimeanza kuchubuka, na rundo halijapungua hata kidogo. Akanyoosha mkono, akachukua korosho moja, akaibonyeza kwa ukucha. Ilikuwa kavu.

"Iache," Naima akasema.

"Nikusaidie, Naima. Tuko wengi. Tutamaliza."

"Iweke ulipoitoa, Mama Shamila." Hakupaza sauti, lakini ukingo mzima ulisikia. "Mimi na wewe hatuna utani."

Sikuzani aliirudisha korosho kwenye rundo. Kisha akainuka, akaokota filimbi yake, akawaendea wanawake wa Masasi kuwaambia kwamba leo uwanja una mwenyewe.